Tovuti ya Picha Nyingi na Msomaji wa Mtandao wa Polepole: Mfano wa Michoro ya Tshibumba Kanda Matulu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tovuti yenye picha nyingi inavyoweza kutengenezwa ili ifunguke upesi hata pale ambapo mtandao ni wa polepole. Huenda msomaji akajiuliza: suala hili la mafundi lina uhusiano gani na taaluma ya Kiswahili? Jibu letu ni kwamba nyaraka nyingi za Kiswahili cha Kongo, ziwe maandishi, sauti au michoro, siku hizi husomwa kwa njia ya intaneti. Waraka usiofunguka hauna tofauti na waraka uliofungiwa kabatini.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika miaka ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yake katika michoro ipatayo mia moja, akaieleza kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Michoro hiyo ilichapishwa katika kitabu Remembering the Present mwaka 1996, na mazungumzo yao yakawekwa kwenye intaneti katika mfululizo uitwao Archives of Popular Swahili. Michoro yenyewe imehifadhiwa Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Tuchukulie basi kwamba idara moja ya chuo kikuu, baada ya kupata idhini ya wenye haki, inataka kuonyesha michoro 100 ya namna hiyo pamoja na maelezo yake ya Kiswahili. Ifanye nini ili mwanafunzi wa Likasi au Kalemie, mwenye simu ndogo na mega chache, aweze kuiona?

2. Uzito wa picha na kasi ya mtandao

Jambo la kwanza ni kutofautisha vipimo viwili. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, ilhali uzito wa faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo mtandao wa kilobiti 256 kwa sekunde hupitisha, hata ukifanya kazi bila kikwazo, kilobaiti 32 tu kwa sekunde.

Picha iliyopigwa kwa kamera ya kisasa yaweza kuwa na upana wa piseli 4000 na kimo cha piseli 3000, yaani piseli milioni 12. Kila piseli huhitaji baiti 3 za rangi. Hivyo picha ghafi huwa na megabaiti 36. Ikishabanwa kwa mfumo wa JPEG, tuseme imebaki na megabaiti 3. Kwa mtandao tulioutaja, picha hiyo moja itachukua sekunde 94 hivi. Picha 100 za namna hiyo ni megabaiti 300, nazo zitachukua zaidi ya saa mbili na nusu. Wala si muda tu unaopotea. Msomaji anayenunua mega hulipia kila picha, hata ile ambayo hakuitazama.

3. Kupunguza vipimo na kuchagua mfumo

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuweka picha kubwa kwenye ukurasa na kukiamuru kivinjari kiionyeshe ikiwa ndogo. Macho huona picha ndogo, lakini faili lililosafiri ni lile lile kubwa. Ni lazima picha ipunguzwe kabla ya kuwekwa kwenye seva. Picha yetu ikipunguzwa hadi piseli 800 kwa 600, idadi ya piseli hupungua mara 25, na faili la JPEG laweza kushuka hadi kilobaiti 80 hivi, yaani sekunde mbili na nusu. Michoro yote 100 itakuwa megabaiti 8 badala ya 300.

Mfumo nao uchaguliwe kwa kufuata tabia ya picha. JPEG hufaa kwa michoro ya rangi na kwa picha za kamera, kwa kuwa huacha tofauti ndogo za rangi ambazo jicho halizioni kwa urahisi. PNG hufaa kwa picha zenye rangi chache na mistari mikali. Ramani ya lugha au jedwali la sauti hufaa kuchorwa kwa SVG, ambayo huandika umbo kwa maelekezo badala ya piseli. Hivyo hukuzwa bila kuharibika. Mfumo wa WebP, uliotolewa na Google mwaka 2010, kwa kawaida hutoa faili dogo kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana.

4. Maandishi yabaki maandishi

Tshibumba aliandika maneno ya Kifaransa ndani ya michoro yake. Hapa pana hatari, kwani JPEG inapobanwa mno huharibu kwanza kingo za herufi, na mchoro ukipunguzwa maneno huenda yasisomeke kabisa. Dawa yake ni kuyanakili maneno hayo chini ya mchoro, pamoja na tafsiri na maelezo ya Kiswahili.

Maandishi hayo yaandikwe kama maandishi. Yasiwekwe kama picha ya ukurasa uliopigwa chapa. Kiswahili kinatupa faida hapa: kwa kuwa hutumia herufi za kawaida za Kilatini, kila herufi huchukua baiti moja tu katika usimbaji wa UTF-8. Maelezo ya herufi 2000 ni kilobaiti 2, ambazo hupita kwa sehemu ndogo ya sekunde, hutafutika kwa neno, na husomwa kwa sauti na programu za wasioona. Tena hayahitaji fonti ya pekee, maana fonti zilizomo ndani ya simu zinatosha.

5. Mpangilio wa kurasa

Michoro 100 isimwagwe kwenye ukurasa mmoja. Ukurasa wa mwanzo uoneshe vijipicha 12 vya kilobaiti 8 kila kimoja, jumla kilobaiti 96. Tukiongeza kilobaiti 40 za maandishi na mtindo, tunapata 136, yaani sekunde nne na robo. Kila picha iandikiwe upana na kimo chake katika msimbo, ili maandishi yasirukeruke msomaji anaposoma. Picha zilizo chini ya skrini zipewe sifa ya kungoja, zisiombwe hadi msomaji azikaribie. Picha kubwa zihifadhiwe kwa JPEG ya hatua kwa hatua, ambayo huonyesha mchoro mzima kwanza kwa ukungu, kisha huusafisha.

Idadi ya mafaili nayo ina uzito wake. Satelaiti ya mawasiliano iliyo juu ya ikweta iko umbali wa kilomita 35,786. Ombi na jibu, kila moja likipanda na kushuka, hutumia karibu nusu sekunde njiani hata kama faili ni dogo. Kebo ya baharini ya WACS ilifika Muanda mwaka 2013 na kufupisha safari hiyo, lakini haikuufikia kila mji. Kwa hiyo mapambo yasiyo na kazi, kama vile picha za usuli, vitufe vya michoro na fonti za kuagiza, yaondolewe.

6. Pingamizi moja

Mtafiti anaweza kusema kwamba kupunguza picha ni kupunguza ushahidi, kwa kuwa pigo la brashi na ufumaji wa kitambaa hupotea. Pingamizi hili lina haki. Jibu lake ni kuweka chini ya kila mchoro kiungo cha picha kamili, na kuutaja uzito wake waziwazi: «Picha kamili, mega 3». Anayehitaji ataichukua kwa hiari yake, na asiyehitaji hatatozwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba wepesi wa tovuti hutokana na maamuzi machache: kupunguza picha kabla ya kuiweka, kuchagua mfumo unaofaa, kuyaacha maandishi yawe maandishi, na kugawa kurasa. Hakuna hata moja linalohitaji mitambo ya bei ghali. Kabla ya kuitangaza tovuti, watengenezaji waijaribu kwa simu ya bei nafuu na kwa mtandao wa mjini, si kwa mtandao wa ofisini peke yake. Michoro ya historia yetu ilielezwa kwa Kiswahili hapa Lubumbashi. Haitakuwa haki ifunguke kwa sekunde moja Amsterdam na isifunguke kabisa Kenya au Katuba.