Maua ya Nyika Yetu na Jinsi ya Kuyaotesha kwa Mbegu

Mpendwa msomaji, kabla sijaenda mbali nataka nikuulize swali moja. Ukisikia neno "maua", ni nini kinachokujia akilini? Bila shaka ni waridi jekundu la kwenye kadi, au yale maua ya Naivasha yanayosafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi. Wengi wetu tunaamini kwamba Tarbaj si mahali pa maua. Ni mahali pa ngamia, mbuzi na vumbi, basi. Mimi nasema sivyo, na katika makala haya nitaeleza kwa nini.

Hebu kumbuka ule ukame wa juzi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa na ardhi ikabaki tupu kama kiganja cha mkono. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua ya deyr ikaja pamoja na El Nino, hata barabara zikakatika. Haukupita muda mrefu nyika ikavaa kijani, na ndani ya kijani hicho kukawa na njano, nyeupe na zambarau. Je, nani aliyapanda maua hayo? Hakuna. Mbegu zilikuwa chini ya miguu yetu muda wote huo, zimelala.

Kwa nini mbegu hulala?

Katika somo la Bayolojia tunafundishwa kwamba mbegu inaweza kuwa hai lakini ikakataa kuota. Kwa mimea ya nyika hii si uvivu, ni akili. Mbegu ikiota kwa mvua ya siku moja, jua la kesho litaukausha mche na habari yake itaishia hapo. Mtaalamu mmoja aitwaye Frits Went alichunguza mbegu za majangwa ya California huko Marekani katika miaka ya 1940 na 1950. Aliona kwamba mbegu nyingi haziamshwi na manyunyu. Zinangoja mvua kubwa inayoweza kuosha zile kemikali zinazozuia kuota. Ni kama mbegu inapima maji kabla ya kukubali kutoka nje.

Mfano wa hapa kwetu ni mbigili. Wewe unaijua kwa sababu imeshakuchoma mguu, lakini ua lake la njano ni zuri. Ndani ya kila mwiba wake mna mbegu kadhaa, na hizo haziamki zote kwa mpigo. Moja inatangulia, nyingine zinabaki kama akiba. Mvua ikidanganya, ukoo haupotei.

Lakini msomaji, akiba yoyote ikichotwa bila kurudishwa huisha. Mmea ukiliwa kabla haujatoa mbegu, hakuna kinachorudi ardhini. Tazama karibu na visima na silanga ambako mifugo hukusanyika kila siku. Hapo hata baada ya mvua nzuri ni majani machache tu yanayorudi. Maua yakienda, nyuki nao wanaenda, na asali pia. Ndiyo maana nasema tusingoje nyika ijipande yenyewe kila mara. Sisi pia tunaweza kuisaidia.

Maua matatu ya kuanzia

La kwanza ni waridi la jangwani. Shina lake limevimba chini kama chupa kwa sababu linaweka maji, na linaweza kuchanua hata likiwa halina jani hata moja. Jina lake la kisayansi, Adenium, limetokana na mji wa Aden kule Yemen. Ajabu ni kwamba wakulima wa Thailand na Taiwan wanaliotesha kwa wingi na kuliuza, ilhali sisi wenye nalo tunalipita tu. Matunda yake yanafanana na pembe mbili. Yakikauka yanapasuka, na mbegu zenye manyoya kila upande zinapeperushwa na upepo. Basi ukiona pembe zimekomaa, zifunge kwa uzi kabla hazijapasuka. Mbegu hizi hazipendi kuwekwa sana, zipande zikiwa mbichi. Kwa joto letu hili zinaota kwa muda wa wiki moja hivi. Unaweza pia kukata tawi na kulichomeka, lakini mmea wa tawi haupati lile shina nene zuri kama wa mbegu.

La pili ni mshubiri, ambao kwa Kisomali tunauita dacar. Ua lake husimama juu kama mwenge na ndege aitwaye chozi hulipenda kwa utamu wake, ingawa majani yenyewe ni machungu mno. Mbegu zake ni nyeusi, bapa na nyepesi. Zitandaze juu ya mchanga na uzifunike kidogo sana. Usikate tamaa haraka kwa sababu zinaweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Tafadhali usiung'oe mmea mzima porini. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa ajili ya biashara, kwa kuwa ilikuwa inamalizwa.

La tatu ni sanamaki, yenye maua ya njano na maganda bapa. Wazee wanaijua kama dawa ya kusafisha tumbo. Mbegu yake ina ngozi ngumu, maji hayapiti. Ikwaruze kidogo kwa msasa au jiwe hadi ngozi ipungue, au uimwagie maji ya moto na kuiacha usiku kucha. Jambo hili si geni kwetu. Umewahi kuona miche ya mgunga ikiota kwenye boma la zamani la mbuzi? Tumbo la mbuzi ndilo lililofanya kazi ya kulainisha ngozi ya mbegu.

Namna ya kupanda

Kwanza, kusanya mbegu kwa kiasi. Chukua kidogo kwa kila mmea na uache nyingi zaidi ya ulizochukua. Zianike kivulini, uzitie katika bahasha ya karatasi, kisha uandike jina, mahali na tarehe. Mbegu isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani.

Pili, tafuta kopo la Kimbo au mtungi uliokatwa na uutoboe matundu chini. Tia mchanga mwingi, samadi kidogo ya mbuzi iliyokwisha oza, na vipande vya makaa. Udongo unaoshika maji utaozesha mizizi.

Tatu, nyunyiza maji asubuhi au jioni, si mchana. Maji ya mvua ndiyo bora kwa sababu maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Maji ya kutawadha pia yanafaa, mradi hayana sabuni. Miche ikishaota, punguza maji. Mimea hii inakufa kwa kunyweshwa kupita kiasi kuliko kwa kiu.

Nne, ihamishe wakati wa gu au deyr mvua ikishalowesha ardhi vizuri. Kisha zungushia miiba. Kiswahili chetu kina mchezo hapa: ua lisilo na ua halidumu. Mbuzi hasomi bango.

Tahadhari mbili

Waridi la jangwani ni ua na pia linaua. Utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, na watu wa jamii mbalimbali za Afrika waliutumia kupaka mishale. Lipande mbali na watoto wadogo, usiwalishe mifugo, na unawe mikono kila unapoligusa.

Tahadhari ya pili ni mathenge. Ule nao uliletwa kwa nia njema, hasa miaka ya 1980, ili uzuie jangwa. Leo umeziba malisho Baringo na Garissa. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walikwenda mahakamani, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akapelekwa kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Funzo ni moja: kabla hujapanda mbegu, uliza imetoka wapi. Mbegu ya hapa ina wadudu wake, ndege wake na mipaka yake. Ya mgeni hatujui itaishia wapi.

Ombi langu

Kenya ina hifadhi ya mbegu ya taifa huko Muguga ambayo imefanya kazi tangu 1988. Hatuna haja ya jengo kama lile. Naomba kila darasa liwe na kopo moja la mbegu za nyika hii, mahali pakavu penye kivuli. Na chama chetu cha Kiswahili kina kazi yake pia. Mimea mingi ya hapa tunaijua kwa Kisomali tu. Tuwaulize wazee majina na matumizi, kisha tutafute majina yake ya Kiswahili na kuyaandika pamoja. Mzee akiondoka na jina, hata mmea ukibaki hatutajua kuuita.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Msimu ujao mvua itakaponyesha, nenda na bahasha yako. Pembe za waridi hazitakungoja, upepo wa Tarbaj unaujua mwenyewe.