Bega Lisilotua Mzigo

Fundi cherehani anayenishonea, mzee aliyekalia baraza moja miaka nenda miaka rudi, ana namna yake ya kuifunga siku. Hujaza maji ya moto kwenye chupa, huizungushia kipande cha kanga kuukuu, kisha huiegemeza kati ya shingo na bega la kulia. "Mwanangu, mtu akiniona atadhani nimeshinda bandarini nabeba magunia," aliniambia jioni moja. "Na kitu kizito nilichoshika leo ni mkasi."

Fumbo lake limewashughulisha watafiti wa afya ya wafanyakazi kwa miongo kadhaa, hasa katika nchi za Skandinavia: inakuwaje bega lisilobeba kitu liume kiasi hicho?

Misuli inayolalamika huitwa trapezi. Imetanda kutoka kisogoni, ikafunika mabega na kushuka hadi katikati ya mgongo. Fundi anaponyoosha mikono kusukuma kitambaa chini ya sindano, trapezi ndiyo inayolishikilia bega, na hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo ndogo hutolewa na nyuzi zilezile za misuli. Mwili huanza kuziita nyuzi zilizo nyepesi kuamka; nguvu zaidi ikihitajika ndipo huongeza nyingine. Zile za kwanza hazipati ruhusa mpaka misuli yote ilegee. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alizifananisha na Sinderela, binti wa hadithi aliyetumikishwa na mama wa kambo: wa kwanza kuamka, wa mwisho kulala. Fundi akishona saa tatu bila kushusha bega, nyuzi nyingi zimepumzika, ila hizo chache zimefanya kazi saa tatu kamili.

Sasa tuje kwenye damu. Misuli ikikaza, shinikizo ndani yake hupanda na vimishipa vyembamba hubanwa, mithili ya mpira wa maji uliokanyagwa. Mtu anapotembea, misuli hukaza na kulegea, na kila ikilegea damu mpya huingia. Bega lililokaza halina mwanya huo. Uzi uliopungukiwa oksijeni huvunja sukari bila oksijeni, na kinachobaki ni laktati na asidi. Potasiamu nayo huvuja nje ya uzi. Damu ambayo ingezoa taka hizo ndiyo hiyo inayopita kwa taabu. Katika vipande vya misuli vilivyotazamwa kwa hadubini, kuna nyuzi zilizonenepa bila vimishipa vya kuzilisha kuongezeka kwa kadiri hiyo, kwa hiyo oksijeni ina safari ndefu zaidi kufika ndani. Zipo pia zenye mitokondria, yaani vinu vya nishati vya uzi, zilizoharibika, ingawa hizo huonekana hata kwa wafanyakazi wasiolalamika maumivu.

Lakini tusiitwike laktati lawama zote. Mkimbiaji wa mbio fupi huijaza misuli yake laktati, na baada ya saa moja yuko sawa. Watafiti wa Denmark na Sweden walipitisha ndani ya trapezi kimrija chembamba chenye matundu madogo sana, wakakipitishia maji polepole ili yafyonze kemikali zilizo kati ya nyuzi. Kwa wanawake wenye maumivu sugu yanayotokana na kazi walikuta si laktati tu, bali pia glutameti na serotonini kwa wingi kuliko kwa wenye afya. Hizi huzinoa ncha za neva za maumivu, hata jambo dogo likawa kubwa. Ndiyo maana bega la namna hiyo huuma hata kwa kuguswa kidogo, na kumwambia mwenye nalo kwamba anajidekeza ni kumwonea.

Utafiti unaonigusa zaidi ulichapishwa mwaka 1993, kuhusu wanawake waliopakia chokoleti kiwandani huko Norway. Umeme wa misuli yao ulipimwa wakiwa kazini. Waliokuja kuugua ni wale ambao trapezi zao zilikuwa na mapumziko machache, na hapa mapumziko maana yake ni sehemu ya sekunde tu. Wasiwasi nao hulikaza bega hilohilo. Mjini Stockholm, watu waliopewa hesabu ngumu za haraka walikaza trapezi bila kuinua chochote. Siku tatu kabla ya Idi, wateja wamejaa barazani na kila mmoja ameahidiwa kesho, fundi wangu hubeba mizigo yote miwili.

Dawa iliyofanya vizuri ilinishangaza. Huko Denmark, wanawake wenye maumivu haya walinyanyua vyuma vidogo kwa mabega, dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 10, na maumivu yakapungua sana. Walioendesha baiskeli ya mazoezi walipata nafuu ndogo ya muda. Bega lililochoshwa na kazi nyepesi lilisaidiwa na kazi nzito, ya muda mfupi, yenye kukaza na kulegea.

Nilipomweleza mzee habari za kulegea, alitazama cherehani yake ya miguu. Uzi wa bobini ulikuwa umekwisha. Aliichomoa bobini, mikono ikashuka mapajani, mabega yakafuata. Akavuta pumzi moja ndefu kabla ya kuanza kuzungusha uzi mpya.