Tovuti ya Kushonewa au ya Kununua Tayari?



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka suala ambalo halikupata jawabu mpaka watu wakatawanyika, nalo ni hili: Je, chama chetu, pamoja na wale wanachama wenye biashara ndogo ndogo, tutafute fundi atutengenezee tovuti yetu wenyewe tangu mwanzo, au tuchukue moja katika hizi zinazouzwa tayari, tubandike jina letu juu yake? Wako waliosema kuwa kitu cha tayari ni aibu kwa chama chenye heshima. Wako waliosema kuwa mafundi hula fedha za watu bure. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Katibu mwanangu, hiyo tovuti ni kitu gani khasa, hata watu wagombane?" Nami niliona suala lake ni bora kuliko yote yaliyosemwa siku ile, kwa hivyo nitaanza nalo.

Tovuti ni kurasa zilizowekwa katika kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kuzifungua, akiwa Wete, Maskati au London. Ndani yake mna mambo matatu yaliyo mbalimbali, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni jina, yaani ile anwani anayoiandika mtu ili aifikie. Kwetu Tanzania majina haya huishia kwa .tz, wafanyabiashara hutumia co.tz na vyama kama chetu or.tz. La pili ni mahali pa kuiweka, napo hulipiwa pango kwa mwezi au kwa mwaka. La tatu ni sura na kazi zake: rangi, picha, mpangilio wa maneno, na pale anapobonyeza mnunuzi ili alipe. Ugomvi wetu wa mkutanoni ulikuwa juu ya hili la tatu peke yake. Lakini khasara kubwa zilizowapata watu zilitokana na la kwanza na la pili, kama nitakavyoeleza.

Sura inayouzwa tayari huitwa kiolezo. Fundi mmoja, pengine yuko India au Marekani, huunda sura ya duka, au ya hoteli, au ya shule, akaacha nafasi tupu za jina na picha, kisha akaiuza kwa maelfu ya watu. Ni kama kanzu za dukani: zimekatwa kwa vipimo vichache, na mwenye tumbo kubwa au mikono mirefu atajitazama mwenyewe kwenye kioo. Yako makampuni kama Wix, iliyoanzishwa Israel mwaka 2006, ambayo hukupa kiolezo na mahali pa kukiweka kwa pamoja, nawe ukawa mpangaji wao. Na iko programu iitwayo WordPress, iliyotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Hii ni bure. Kila mtu ana rukhsa ya kuichukua, kuibadilisha na kuihamisha apendako. Hivi sasa zaidi ya tovuti mbili katika kila tano duniani zimejengwa juu yake, na hata Ikulu ya Marekani imepata kuitumia. Basi wale wanaoona aibu ya kitu cha tayari nadhani waweza kupunguza aibu yao kidogo.

Kiko kisa kimoja ambacho napenda kukisimulia, kwani chaonyesha violezo hutoka wapi. Mwaka 2004 kijana wa Kijerumani aliyehamia Kanada, jina lake Tobias Lütke, alifungua pamoja na wenzake duka la kwenye intaneti. Bidhaa yao ilikuwa mbao za kutelezea juu ya theluji. (Msicheke. Na wao huko wakisikia kuwa mtu hupanda juu ya mti kuchuma maua yasiyochanua watacheka.) Alizitazama programu za duka zilizokuwa zikiuzwa tayari wakati ule, hakuna iliyompendeza, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni fundi akajiundia yake. Baada ya muda wenzake na yeye wakaona kuwa lile duka lenyewe ndilo lenye faida kuliko zile mbao, na mwaka 2006 wakaanza kuliuza kama programu, wakaiita Shopify. Leo wafanyabiashara wengi mno duniani wamo ndani yake. Maana yake ni kuwa kiolezo mara nyingi ni kanzu ambayo mtu mmoja alijishonea mwilini mwake, na wengine wote wakavalishwa. Aliyefanana naye hukaa vizuri. Asiyefanana naye huburura.

Niliyaona hayo kwa macho yangu Msata. Nilikuwa natoka Muheza, nilikokwenda kuangalia karafuu za bara, nikashuka pale njia ya Bagamoyo inapokutana na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, ili ningojee gari ya Bagamoyo. Tangu zile kilomita 64 za baina ya Msata na Bagamoyo zilipotiwa lami, njia panda ile imepata uhai wa biashara. Upande wa Kiwangwa hushuka mananasi, na mabasi ya Tanga na Arusha hupita mchana kutwa. Ndugu wa mwanachama wetu mmoja ana duka dogo hapo, huuza asali, mdalasini, pilipili manga na hiliki katika pakiti. Nilipomtajia khabari ya mkutano wetu akacheka, akasema yeye tovuti anayo tayari. Mpwa wake, kijana aliyemaliza skuli, alimchukulia kiolezo cha duka na kukijaza. Akanipa simu niitazame.

Ilichukua muda kufunguka. Nilikunywa nusu ya kikombe cha chai. Sababu yake ni kuwa juu kabisa palikuwa na picha kubwa mno ya jiko la Kizungu lenye meza ya marumaru, picha iliyokuja pamoja na kiolezo. Kila mteja aliyekuwa akifungua ukurasa ule alikuwa akiilipia picha hiyo kwa kifurushi chake cha simu, na ndani yake hamna hata punje moja ya hiliki. Chini ya picha palikuwa na kikapu cha kununulia. Ukitia kitu kikapuni waulizwa jimbo lako, kisha nambari ya kadi ya benki. Sasa wateja wa bwana yule ni abiria, mama lishe, na wenye nyumba za wageni za Bagamoyo. Wao hulipa kwa M-Pesa, iliyoanza hapa Tanzania mwaka 2008, au kwa mitandao mingine ya simu, na mzigo hutiwa katika basi akaarifiwa kondakta. Hapana hata mmoja aliyekwisha kununua kwa kikapu kile. Nambari ya simu, ambayo kila mteja huitafuta kwanza, ilikuwa mwisho kabisa kwa herufi ndogo. Na katikati ya ukurasa, mahali palipotakiwa pawe na maelezo ya duka, palikuwa na aya tatu za Kilatini.

Nilimwuliza kama anajua zasema nini. Akasema alidhani ni mambo ya kisheria. Kumbe ni maneno ya kujazia nafasi tu, ambayo wachapaji na watengeneza violezo huyatumia mpaka mwenyewe atie yake. Yametolewa vipande vipande katika kitabu cha Cicero, mtu wa Roma ya zamani, hata hayana maana tena. Duka la viungo la Msata lilikuwa likiwasomea wateja wake falsafa ya Kirumi iliyokatwakatwa.

Akaniuliza, "Sasa Katibu, nitupe yote nikatafute fundi?" Nikamwambia la. Duka lake halina jambo lisilokuwamo katika maduka mengine ya viungo, ila namna ya kulipa na namna ya kupeleka mzigo. Tukamwita mpwa wake. Akaiondoa ile picha, akaweka moja ndogo ya pakiti zao wenyewe, kikapu akakifuta, nambari ya simu na ya WhatsApp akazipandisha juu, na mahali pa Kilatini akaandika bei, na siku ambazo mzigo huenda Bagamoyo. Alimaliza kabla gari yangu haijafika. Tulipoifungua tena ilitokea mara moja. Kazi ile haikuhitaji fundi wa kulipwa. Ilihitaji mtu anayewajua wateja wa Msata.

Sasa tuje kwetu. Mkichukua kiolezo cha duka kwa ajili ya chama, kitakuja na kikapu hicho hicho. Mtauza nini ndani yake? Karafuu zetu kavu, kama ajuavyo kila mwanachama, twaziuza kwa Shirika, yaani ZSTC, na kikapu cha karafuu kilicho wazi kwa dunia nzima kitakuwa ni kuwaita watu wa magendo kwa jina la chama. Mambo yanayotufaa ni mengine: bei ya kila daraja kama ilivyotangazwa, siku ya kufunguliwa vituo vya ununuzi, maelezo ya kuanika ili karafuu isiwe mpeta, mahali pa kuuliza khabari za miche, na zile simu tunazopigiwa kila msimu na wachumaji wanaotafuta kazi na wenye mashamba wanaotafuta wachumaji. Hapana fundi wa California aliyekwisha kuota jambo la wachumaji wa Pemba na malipo ya pishi.

Hata hivyo sioni kuwa hayo yatulazimisha kushonewa kila kitu. Bei, tarehe na maelezo ni maneno tu, na kiolezo chepesi kabisa chaweza kuyabeba, mradi kiwe chepesi kweli na kiandikwe Kiswahili. Lililobaki ni daftari la wachumaji na wenye mashamba, ambapo mtu ataandika yuko wapi, ana mikarafuu mingapi iliyo tayari, na anataka watu lini. Hilo ndilo la fundi. Basi rai yangu, nayo ni rai ya Katibu, si uamuzi wa Kamati, ni kuwa kanzu tuinunue, na mkono mmoja tushonewe. Na wanachama wanaotembeza wageni katika mashamba ya viungo, au wanaouza sabuni na asali, hao nadhani kiolezo chawatosha, wakiwa tayari kukisafisha kama alivyofanya yule kijana.

Narejea katika jina na mahali, niliyosema ndiyo yenye khasara. Kwa miaka kadhaa Google ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure, za kujaza tu, zilizokuwa na anwani za Google yenyewe zikiishia kwa business.site. Wengi walizichapisha anwani hizo katika kadi na mabango yao. Mwezi wa Machi mwaka 2024 Google ikazifunga zote. Kabla yake Yahoo ilifanya hivyo mwaka 2009 ilipoifunga GeoCities, na kurasa za watu wengi zikapotea nayo. Mwenye jina lake mwenyewe, hata akifukuzwa na mwenye nyumba, huchukua jina akalihamishia kwingine na wateja hawajui kuwa amehama. Asiye na jina huanza upya kama mtu mgeni. Na gharama ya jina kwa mwaka ni kadiri ya bei ya kilo mbili tatu za karafuu za daraja la kwanza; sioni kwa nini mtu alikose.

Wala msidhani kuwa kushonewa kwaepusha khatari hii. Nimesimuliwa khabari ya mwenye nyumba ya wageni huko pwani ya Bagamoyo aliyemlipa fundi fedha nzuri akapata tovuti nzuri. Fundi aliliandikisha lile jina kwa jina lake mwenyewe, neno la siri akakaa nalo, kisha akahama na simu akabadilisha. Muda wa jina ulipokwisha hapana aliyeweza kulilipia. Tovuti ikazimika, na mwenye nyumba akalazimika kupaka rangi upya ubao wake wa nje. Nyumba alijengewa yeye, lakini hati ya kiwanja ilikuwa ya mjenzi.

Kwa hivyo nimeiomba Kamati kuwa, lolote litakaloamuliwa juu ya sura, jina liandikishwe kwa chama na si kwa mtu. Neno la siri liwe kwa Mwenyekiti, Mtunza Hazina na Katibu. Fundi akabidhi nakala ya kazi yote kabla ya kulipwa fungu la mwisho. Na kila robo ya mwaka nakala nyingine ihifadhiwe ofisini kwetu. Kamati itaketi baada ya msimu huu wa uchumaji, na wanachama watapiga kura, kwani fedha zitakazotumika ni za michango yao.

Kabla ya siku hiyo nawaomba mfanye jambo moja. Kila mwanachama aandike masuala ambayo watu humpigia simu kumwuliza, wawe ni wachumaji, jamaa walio Ughaibuni, au wageni wanaotaka kuona shamba, ampe karani wa tawi lake. Hayo ndiyo yatakayokuwa ndani ya tovuti, si Kilatini. Wenye picha nzuri za kuchambua na kuanika nao wazilete, ila ziwe za mashamba yao wenyewe. Ile iliyoletwa wiki mbili zilizopita nimemrudishia mwenyewe. Ni nzuri sana, lakini karafuu zilizomo ni za Bukini.