Kulala Saint Martin: kwa nini ni miezi miwili tu

Anayepanga siku kadhaa za mapumziko katika pwani ya Bangladesh hana sababu ya haraka akiwa Cox's Bazar: ufukwe una urefu wa kilomita zipatazo 120, na tangu mwaka 2023 treni hufika huko kutoka Dhaka. Kuvuka hadi Saint Martin, kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mwa Teknaf, ndiko kunakohitaji hesabu. Mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha wageni 2,000 kwa siku. Ruhusa ya kulala ni Desemba na Januari pekee. Lengo ni kuyanusuru matumbawe na kuwaachia kasa fukwe tulivu za kutagia mayai. Wakazi wanaotegemea wageni, hata hivyo, wamelalamika kwamba msimu mfupi hivyo hauwezi kuwalisha mwaka mzima.