Baridi ya Njombe, bustani ya nyumbani na sahani ya mtoto

Njombe. Ifikapo katikati ya Juni, asubuhi za Njombe hubadilika. Siku nyingine ukungu hauondoki mpaka saa nne, na watoto huenda shule wamevaa sweta juu ya sweta. Siku nyingine usiku huwa mweupe wa nyota, na kukicha majani ya bondeni yamepakwa kitu cheupe kama chumvi. Hiyo ndiyo sakitu, umande ulioganda. Jua likipanda huyeyuka, lakini maharage na nyanya zilizolala chini yake hubaki zimelegea na kuwa nyeusi, kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto.

Kwa mzazi wa Dar es Salaam hiyo ni habari ya wakulima. Kwa mzazi wa Njombe, Makete au Mufindi ni habari ya mtoto, kwa sababu mboga ikiungua mwezi wa sita, sahani ya mtoto hurudi kuwa ugali na viazi mpaka mvua zinyeshe tena Novemba.

Na hapo ndipo penye kitendawili cha Nyanda za Juu Kusini. Huku ndiko yanakotoka mahindi, viazi mviringo, maharage, chai na maparachichi yanayosafirishwa hadi nje ya nchi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ilikuwa asilimia 56.9. Wastani wa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 30. Kwa maneno mengine, mkoani Njombe kati ya kila watoto wawili mmoja ni mfupi kuliko umri wake unavyotaka, na ufupi huo si wa kurithi tu. Ni dalili kwamba mwili, pamoja na ubongo, ulikosa kitu katika siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba mpaka mtoto anapotimiza miaka miwili.

Baridi peke yake haidumazi mtoto. Udumavu una sababu nyingi: magonjwa ya kuhara, maji yasiyo salama, mama mjamzito asiyepumzika, mtoto anayeachwa na dada yake wa miaka tisa wakati wazazi wako shambani kuchimba viazi. Lakini mlo wa aina moja ni sababu kubwa, na miezi ya baridi ndiyo inayoubana mlo huo zaidi.

Bonde huungua kabla ya mlima

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupoa, kwa kawaida zaidi ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Ndiyo maana usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10 mjini, na kwenye uwanda wa Kitulo, Makete, linaweza kufika sifuri na kupita.

Jambo ambalo wazazi wengi wanaoanza bustani hawalioni ni jinsi baridi inavyotembea. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu wala upepo, huteremka taratibu kutoka kilimani kama maji na kutuama bondeni. Na bondeni ndiko viliko vinyungu, yale mashamba madogo yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki baada ya mvua. Kwa hiyo mahali penye maji wakati wa ukame ndipo hapohapo sakitu inapopiga kwanza. Familia inayotegemea kinyungu peke yake kwa mboga inaweza kupoteza yote kwa usiku mmoja.

Haina maana kwamba vinyungu viachwe. Vipewe mboga zinazovumilia: kabichi, karoti, vitunguu, sukuma wiki. Njegere nazo majani yake huhimili, ila maua na maganda machanga huungua, hivyo ni bora zisichanue katikati ya Julai. Maharage, maboga, nyanya na majani ya viazi vitamu si za kuweka bondeni msimu huu. Mchicha nao hupenda joto. Mbegu yake ikipandwa Juni huota kwa shida, na mzazi hulaumu muuza mbegu bure.

Tuta la pili lakaa nyumbani

Bustani inayomsaidia mtoto zaidi ni ile iliyo hatua chache kutoka jikoni, hata ikiwa ni viroba vitatu vilivyojazwa udongo na samadi. Nyumba nyingi zimejengwa juu kidogo ya bonde, hivyo ziko nje ya njia ya hewa ile nzito. Ukuta wa matofali nao hunywa jua mchana na kulirudisha usiku.

Upande wa nyumba una maana kuliko watu wanavyodhani. Njombe iko kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Tuta lililo kaskazini mwa nyumba hupata jua. Lililo kusini, karibu na ukuta, hukaa kivulini miezi ile ile linapohitaji joto. Kuhamisha viroba hakuna gharama, ingawa ni vizuri kufanya hivyo kabla havijajazwa.

Muda nao ni nusu ya kazi. Mbegu za sukuma wiki na spinachi zikisiwa kitaluni Aprili na miche kuhamishwa Mei, udongo ukiwa bado na joto na unyevu, mboga huingia Juni zikiwa na mizizi. Miche inayohamishwa Julai hudumaa kwa wiki kadhaa, imesimama tu.

Maji yamwagwe kwenye udongo asubuhi au mapema mchana, si juu ya majani jioni. Udongo wenye unyevu hutunza joto la jua kuliko udongo mkavu. Jioni ambayo anga ni safi na upepo umetulia, miche michanga ifunikwe kwa nyasi au kiroba kilichoegeshwa juu ya vijiti, kisiguse majani, kisha kifunuliwe jua likitoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipindi cha kipupwe, Juni hadi Agosti, na utabiri wa kila siku hutaja kiwango cha chini cha joto. Taarifa hiyo hupatikana redioni na kwenye simu, na inatosha kumwambia mzazi ni usiku upi wa kufunika.

Sukuma wiki ikipigwa na baridi isiyo kali sana, isikimbiliwe kung'olewa. Mara nyingi moyo wake huwa hai. Na majani yaliyopitia baridi huwa matamu kidogo, kwa kuwa mmea hujilinda kwa kuongeza sukari. Mtoto anayekataa mboga chungu anaweza kuzikubali za Julai.

Kutoka tutani hadi kwenye kijiko

Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama yanaendelea lakini hayatoshi tena peke yake. Familia nyingi hapo hugeukia unga wa lishe wenye mahindi, ulezi, ngano, mchele na mtama. Unga huo hushibisha, ila nafaka tano zikichanganywa bado ni nafaka. Kundi la chakula limebaki lile lile moja.

Kinachobadilisha uji au viazi vilivyopondwa ni kile kinachoongezwa. Kijiko cha parachichi huongeza mafuta, na mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A iliyo kwenye karoti na majani ya kijani. Maharage yaliyoiva sana na kupondwa, yai, au dagaa wa Ziwa Nyasa waliosagwa wakawa unga huleta protini na madini. Mboga zikatwe ndogo na zipikwe muda mfupi. Inasikitisha kuona parachichi lililokataliwa na wanunuzi kwa udogo wake likioza chini ya mti, ilhali ndani ya nyumba kuna mtoto wa miezi minane anayekunywa uji mweupe.

Baridi inaleta hatari nyingine ndani ya nyumba hiyo hiyo. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku, madirisha yamefungwa, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Mtoto mchanga apashwe joto kwa kubebwa kifuani, kofia, soksi na blanketi. Jiko libaki nje.

Pima na urefu

Kliniki ikifika, mtoto hupandishwa kwenye mzani na mama huangalia mstari wa uzito kwenye kadi. Mstari ukiwa kwenye kijani, hurudi nyumbani kwa furaha. Lakini mtoto anaweza kuwa na uzito mzuri na mashavu ya kujaa huku urefu wake ukiwa nyuma. Udumavu hausomeki kwenye mzani. Husomeka kwenye ubao wa kupimia urefu. Mzazi ana haki ya kuomba mwanawe apimwe urefu na kuelezwa matokeo, hasa kabla hajafikisha miaka miwili, kipindi ambacho mabadiliko ya mlo bado yanafanya kazi kubwa.

Mwishoni mwa Agosti usiku huanza kulegea. Septemba mbegu za nyanya na maboga zinaweza kusiwa kwenye makopo yanayoingizwa ndani usiku, na sukuma wiki ya Mei ikiwa imetunzwa na kukaguliwa vidukari, itaendelea kuchumwa mpaka mvua za Novemba.