Mshauri wa wanaobwia unga

Kijana wako alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Leo unasikia anabwia unga, yaani heroini. Je, ndiyo basi tena?

Hapana. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa dawa iitwayo methadoni. Sasa kliniki za namna hiyo zipo pia Mwanza, Mbeya na Dodoma. Mgonjwa halazwi. Huja, hunywa dawa mbele ya mhudumu, kisha hurudi nyumbani. Dawa hiyo huzuia arosto, yaani yale maumivu na kutapika kunakompata mtu akikosa unga.

Lakini dawa hailipi madeni, wala haimrudishi mke aliyekwenda kwao. Hapo ndipo kazi ya mshauri. Mshauri hagombi. Huuliza: Ulibwia lini mara ya mwisho? Ulikuwa na nani? Nauli ya kesho unayo? (Nauli si jambo dogo, maana wengi huja kila siku.) Mgonjwa akirudia unga, hafukuzwi. Wanatafuta pamoja kilichomrudisha huko.

Sisi huku vijijini tumezoea kumfungia mlango. Mshauri huwaita ndugu pia. Ukiitwa nenda, hata kama alikuibia redio.