Kuuondoa Usukani wa Pawa

Wapo madereva wadhanio kuwa kukata mkanda wa pampu kwatosha kuugeuza usukani wa pawa uwe wa kawaida. La, hasha! Katika Ford Mustang ya mwaka 1965, valvu na silinda ya mafuta vimeungwa kwenye rodi za usukani. Vikiachwa humo, dereva huyasukuma mafuta yale kwa misuli yake mwenyewe. Yapasa viondolewe pamoja na pampu, na rodi ya katikati iwe ya gari lisilo na pawa. Lasalia stering boksi: lile la pawa kwa kawaida ni 16 kwa 1, la kawaida, 19 kwa 1, huzungushwa zaidi lakini ni jepesi. Asiyelibadilisha hatataabika sana barabarani. Atataabika sokoni, akitafuta pa kuegesha huku watoto wakimtazama.